Kwa mnaojiandaa na mchujo wa Utumishi (ule mtihani wa kupunguza waombaji wa kazi za serikali): tangazo la kazi ndio silabasi, acheni kununua mapepa

mwana_tandika:

Wakuu habari za jioni.

Naandika uzi huu kwa sababu roho inaniuma. Kila majina ya kuitwa usaili yakitoka kule Ajira Portal, ile tovuti ya kuombea kazi za serikali, jioni hiyohiyo magrupu ya WhatsApp yanajaa watu wanauza mapepa. Elfu tano, elfu kumi, na wale wenye roho ngumu zaidi wanakwambia wana pepa lenyewe la kesho kutwa tuma elfu hamsini. Na mtu anatuma kweli, hela ya kukopa kwa dada yake, halafu anaingia ukumbini anakutana na vitu vingine kabisa. Sekretarieti ya Ajira haimtozi msailiwa hata mia, ukishaona mtu anataka hela ili uitwe au ili upate maswali jua huyo ni tapeli, kata mawasiliano.

Mimi nipo kwenye utumishi miaka kadhaa sasa, afisa tawala, na jumamosi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu hapa Tandika tunasoma pamoja, kwahiyo ninayoyasema nimeyaona kwa watu walioanza hawajui lolote mpaka wakapangiwa vituo.

Jambo langu ni moja tu. Fungua lile tangazo uliloombea kazi, shuka mpaka kwenye majukumu ya kazi. Pale ndio silabasi yako. Watu wengi wakishaomba tangazo wanalisahau, wakiitwa wanaanza kuuliza "jamani afisa fulani huwa wanaulizwa nini", wakati jibu lipo kwenye pdf waliyoipakua wenyewe.

Nichukue mfano wa Mtendaji wa Kijiji III maana ndio kada inayoombwa na wengi. Mstari wa kwanza unasema yeye ni afisa masuuli na mtendaji mkuu wa serikali ya kijiji. Watu wanaukariri hivyohivyo wanapita. Usipite, simama hapohapo ujiulize, afisa masuuli maana yake nini? Anasimamia hela gani, kijiji kinapata wapi mapato, taarifa ya mapato na matumizi inasomwa kwa nani? Ukitafuta majibu utajikuta kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya ya 1982, Sura 287, na humo utakutana na mkutano mkuu wa kijiji ambao ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea, utakutana na halmashauri ya kijiji yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, utajua mwenyekiti anafanya nini na mtendaji anafanya nini, na hapo ndipo wengi wanapochanganya, mtendaji ni katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, anayeviongoza ni mwenyekiti. Mtendaji anakuwa mwenyekiti kwenye kikao cha wataalamu waliopo kijijini, na hilo nalo limeandikwa kwenye tangazo hilohilo!

Mstari mwingine, kupokea, kusikiliza na kutatua malalamiko na migogoro ya wananchi. Kijijini migogoro mikubwa ni ya ardhi, kwahiyo hapo unafungua Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji haigawi ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe 7, wanawake wasipungue 3, na kazi yake ni kusuluhisha, sio kuhukumu. Ona sasa, mistari miwili tu ya tangazo tayari umeshapata maswali ya kukutosha wiki nzima.

Sasa kwanini nasema mapepa ya kununua yanaua watu. Mengi ni ya zamani na hakuna anayeyarekebisha. Nimeletewa moja juzi, swali linasema eleza faida za OPRAS na jibu lake kurasa mbili, wakati upimaji wa watumishi umeshahamia PEPMIS. Kwenye ununuzi bado linamfundisha mtu sheria ya 2011 na mfumo wa TANePS, wakati sasa hivi sheria ni Na. 10 ya 2023 na mfumo ni NeST. Dira ya Maendeleo bado wameandika ile ya 2025, na Dira 2050 ilishazinduliwa Julai 2025. Mtu anajaza kichwa vitu vilivyofutwa, tena kwa hela yake.

Na ushindani sio wa kitoto. TRA walipotangaza nafasi 1,596 mwaka 2025 waliomba watu zaidi ya laki moja na thelathini elfu. Walimu nafasi 14,648, waombaji zaidi ya laki mbili. Kwa namba hizo anayejua juujuu hana pa kujificha. Naomba tuulizane maswali humu, kada yoyote, ntajibu ninachokijua na wengine wajazie.

binti_yombo:

Kaka asante sana kwa moyo huo. Mimi nimeitwa Mtunza Kumbukumbu II, tangazo langu lina mistari michache tu na ni mifupi, mfano "kutafuta kumbukumbu, nyaraka au mafaili yanayohitajiwa na wasomaji". Hapo nasoma nini zaidi? Nimeangalia nimeona kama kila mtu anajua.

mwana_tandika:

Dada hiyo kada yako watu wanaidharau kwa sababu mistari ni mifupi halafu wanafeli. Huo mstari ugeuze maswali. Anayehitaji faili anafuata utaratibu gani? Faili likitoka masjala, yaani ofisi ya kutunzia majalada, unaandika wapi kwamba limetoka, kwa nani, tarehe ngapi? Lisiporudi unafanyaje? Faili likipotea kabisa? Masjala ya wazi na masjala ya siri zinatofautianaje na nani anaruhusiwa kuingia? Barua ikifika ofisini leo asubuhi inapita mikono mingapi mpaka ifike kwa mhusika, elezea hatua kwa hatua toka inapopokelewa, kufunguliwa, kugongwa muhuri, kuandikishwa, kuwekwa kwenye jalada lake na kupewa folio, yaani namba yake ndani ya jalada. Mstari wa kuchambua, kuorodhesha na kupanga kumbukumbu kufuatana na somo, huo una swali la uainishaji ndani yake. Halafu soma Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002, na ujue e-Ofisi inafanya nini maana maofisi mengi majalada yanatembea kwenye mfumo sasa.

Kama una ndugu au jirani anayefanya masjala popote, mwombe nusu saa akuelezee siku yake inavyoenda. Nusu saa hiyo ina thamani kuliko pdf ya kurasa mia.

mzee_wa_kimara:

Mwana Tandika umesema vizuri ila mimi naona tusiwape vijana matumaini hewa. Mwanangu ana digrii, ameomba sana, anasoma kweli, lakini mtaani kila mtu anasema bila mtu wa kukushika mkono huendi popote. Kama koneksheni ndio inayoamua, huo usiku anaokesha na madaftari una faida gani?

mwana_tandika:

Shikamoo mzee wangu. Nayasikia hayo na siwezi kumbishia mzazi aliyeona mwanae anahangaika. Ila naomba nikwambie namna mchujo unavyokwenda. Mtu anaingia na namba ya mtihani, karatasi inasahihishwa kwa namba, na matokeo yakitoka yanatoka pdf ya hadharani yenye namba na alama, kila mmoja anajitafuta. Hapo kwenye mchujo ndipo umati mkubwa unapobaki, na wanabaki kwa alama. Kijana wako akiamini kwamba kila kitu ni koneksheni atasoma nusunusu, atapata 47 abaki nje, halafu hiyo 47 itamthibitishia kwamba ni koneksheni. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi mzee wangu.

Katiba yetu ya 1977 ibara ya 22 inasema kila raia anastahili fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, ya kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Mimi naichukulia kwa uzito. Mtoto wa mama ntilie wa Tandika Sokoni na mtoto wa mkurugenzi wakikaa ukumbi mmoja na karatasi moja, pale pana usawa ambao sehemu nyingi za maisha haupo, tusiuachie hivihivi. Mwambie aje jumamosi.

dada_wa_mbagala:

Naomba nijazie mambo ya siku yenyewe maana nimesindikiza wadogo zangu wawili kwenye hizi saili na nimeona watu wanalia getini.

Kwanza namba ya mtihani. Ingia kwenye akaunti yako ya Ajira Portal kabla, iandike kwenye karatasi, usitegemee simu, chaji inaisha au bando linakata na pale hawakupi namba, tangazo la kuitwa linasema wazi. Pili majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi na cheti cha form four kinasema Mwanahidi, hiyo ni shughuli, unatakiwa uwe na hati ya kiapo cha kubadilisha jina, ile wanayoita deed poll, inaandaliwa na wakili na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, haifanyiki asubuhi ya usaili. Kuna binti nilimuona amefika saa kumi na mbili kasoro, amejiandaa vizuri, vyeti vyote kwenye bahasha ya kaki, wakamrudisha kwa herufi moja. Moja! Alikaa kwenye ukingo wa mtaro akawa anazitoa karatasi moja moja anaziangalia tena kama vile jina litabadilika.

Tatu vyeti ni halisi. Results slip za form four na form six hawapokei, testimonial hawapokei, provisional results hawapokei. Kama umesoma nje ya nchi hakikisha cheti kimeshapita TCU au NACTVET au NECTA kulingana na ngazi yake. Na kitambulisho, NIDA ikiwepo ni vizuri zaidi lakini cha mpiga kura, leseni au pasi ya kusafiria navyo vinakubalika.

Nne jamani mahali. Kama usaili upo Mlimani na wewe unatoka Mbagala Rangi Tatu au Chamazi, usiniambie utatoka saa kumi na moja na nusu. Nenda siku moja kabla ukaone jengo, lile eneo la chuo ni kubwa, mtu anashuka daladala getini anaanza kuuliza ukumbi huku muda unaenda. Ukiweza kulala kwa ndugu Sinza au Mabibo lala huko.

fundi_wa_hesabu:

Nimeipenda hii ya tangazo kuwa silabasi. Mimi ni mhasibu, kwa wale wa Afisa Hesabu na Mhasibu niwape kidogo. Mkisoma majukumu mtaona kitu kama kuandaa hati za malipo, kusuluhisha hesabu za benki, kutunza daftari la fedha. Usuluhishi wa benki ufanyeni kwa mkono, kwa namba, sio kusoma maelezo, maana mtu anajua kueleza lakini akipewa hundi ambazo hazijawasilishwa na makato ya benki anakwama. Masurufu, ile hela anayopewa mtumishi kwa kazi maalumu halafu anairejeshea hesabu, mjue utaratibu wake kuanzia kuomba mpaka kurejesha. Sheria ya Fedha za Umma Sura 348. Na mjue tofauti ya MUSE na GePG, moja ni ya matumizi na hesabu, nyingine ndiyo inayotoa zile control number za makusanyo. Vijana wengi wametoka chuo na hesabu za makampuni tupu, za serikali hawajazigusa kabisa, IPSAS, vile viwango vya kimataifa vya hesabu za serikali, anaisikia tu.

msaka_ajira_buza:

Wakuu mimi naomba kuuliza, usaili wangu naambiwa ni wa kwenye kompyuta. Nimezoea kuandika insha, nifanyeje? Pia kwenye akaunti nimeandika naishi Dar lakini kwa sasa nipo Kilosa kwa bibi namuuguza.

dada_wa_mbagala:

Pole kwa kuuguza mdogo wangu. Hilo la anuani liangalie leo, kwa usaili wa mfumo huu wanakupangia mkoa kwa kufuata makazi ya sasa uliyoyajaza kwenye akaunti. Kama majina yameshatoka na umepangiwa Dar, panga safari ya Dar. Kwa maombi yanayofuata badilisha kabla hujatuma.

mwana_tandika:

Na kwenye kompyuta maswali ni ya kuchagua, watu wanafikiri ni rahisi kwa sababu jibu lipo machoni. Ugumu wake ni kwamba majibu manne yote yanafanana na ukweli. Wajumbe 7, wajumbe 9, wanawake 3, wanawake 4, hapo anayejua kwa kukisia anaanguka. Kwahiyo unavyosoma sheria, namba ziandike pembeni, miaka, idadi, muda, nani anateua, nani anaidhinisha. Mdogo wangu hapo Kilosa fanya hivi, kila jioni ukishampa bibi chakula chukua mstari mmoja wa majukumu, andika maswali matano yako mwenyewe, uyajibu bila kuangalia, halafu ndio ufungue sheria. Muda pia, weka saa, usijibu kama mtu anayesoma gazeti. Na kama hujazoea kompyuta, nenda steshenari hapo mjini ulipie nusu saa ushike mausi, usiende kujifunzia mausi ndani ya chumba cha usaili.

binti_yombo:

Kaka na orali je, ule usaili wa kuongea ana kwa ana? Mimi nikiona watu watatu wamekaa mbele yangu sauti inapotea yote.

mwana_tandika:

Orali tutaifungulia uzi wake maana ni ndefu. Ila msingi ni uleule, wanaouliza wana tangazo lako mezani. Kwenye lile swali la "tueleze kuhusu wewe" hawahitaji uanze na shule ya msingi na idadi ya ndugu zako. Jina, umesoma nini, umefanya nini kinachogusa kazi hii, basi, dakika moja na nusu. Sauti inarudi kwa kuzoea, kaa mbele ya shangazi na majirani wawili wakuulize, tena wale wasiokuonea huruma. Usilolijua sema hulijui kwa adabu, usibuni sheria mbele ya mtu anayeitumia kila siku.

kijana_wa_charambe:

Mimi nimeitwa Mtendaji, naomba kaka unipe swali nilijibu hapahapa nione nipo wapi.

mwana_tandika:

Safi sana. Tangazo linasema kusimamia utungaji wa sheria ndogo za kijiji. Swali, wananchi wamelalamika mifugo inaharibu mazao na wanataka sheria ndogo. Eleza hatua utakazosimamia mpaka sheria hiyo ianze kutumika. Alama 10.

kijana_wa_charambe:

Mtendaji ataandika sheria hiyo, ataipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji aisaini na kugonga muhuri, kisha atabandika kwenye ubao wa matangazo na mgambo watasimamia utekelezaji, atakayekamatwa atatozwa faini.

mwana_tandika:

Mdogo wangu hapo nakupa 2, nitakwambia kwanini na usikate tamaa maana jibu kama hili nalisikia kila jumamosi. Umeandika yale tunayoyaona mtaani yanafanyika, swali linauliza yanavyotakiwa kufanyika. Mtendaji hatungi sheria, anasimamia utungaji. Mwenye mamlaka ya kutunga ni halmashauri ya kijiji. Saini ya mwenyekiti peke yake haiifanyi iwe sheria. Wananchi umewaacha nje kabisa wakati wao ndio waliolalamika. Na halmashauri ya wilaya hujaitaja popote, hapo ndipo alama nyingi zimekimbilia. Ile 2 ni ya kubandika kwenye ubao na usimamizi. Nenda Sura 287 sehemu ya sheria ndogo za vijiji, usome taratibu, urudi.

dada_wa_mbagala:

Na uandike kwa hatua, msahihishaji ana rundo la karatasi, asitafute jibu lako katikati ya sentensi.

kijana_wa_charambe:

Nimerudi, nimeisoma. Kwanza mtendaji anapokea lalamiko na kuliwasilisha kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji. Pili halmashauri ya kijiji inaandaa mapendekezo ya sheria ndogo, yaani kosa ni lipi na adhabu ni ipi, mtendaji ni katibu anaandika kumbukumbu za kikao. Tatu unaitishwa mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wanasomewa na wanatoa maoni, wafugaji na wakulima wote. Nne halmashauri ya kijiji inazingatia maoni na kuipitisha. Tano inapelekwa halmashauri ya wilaya pamoja na mihtasari ya vikao kwa ajili ya kuidhinishwa. Sita ikishaidhinishwa ndio inaanza kutumika, mtendaji anawatangazia wananchi kwa ubao na mikutano na anasimamia utekelezaji.

mwana_tandika:

Hili sasa ni jibu la 9. Moja nimeibakiza kwa sababu hukusema sheria ndogo isipingane na sheria za nchi, hicho ndicho wilaya wanachokiangalia kabla ya kuidhinisha. Umelipata ndani ya saa moja na nusu, bila kumlipa mtu.

Jumamosi hii tunakutana Maktaba Kuu pale Bibi Titi, saa tatu asubuhi, kila mtu aje na tangazo lake lililochapishwa na daftari. Binti Yombo wewe njoo na maswali matano ya masjala, utatuuliza sisi.